Transfoma ya Malangali na Betri za Jumamosi

Neema aliniomba ukurasa mmoja tu. Ni mhandisi mpya wa mipango pale ofisini kwetu Sumbawanga, binti mwenye adabu zake, na ameambiwa akadirie kama transfoma za mitaani zitazimudu pikipiki za umeme. Vijana wa bodaboda wameanza kuzinunua, na jioni kila mmoja anaichomeka ya kwake nyumbani. Neema akaona aniulize mimi niliyestaafu, kwa kuwa alisikia niliwahi kushughulika na jambo la namna hiyo zamani. Nikamwambia, "Mwanangu, ukurasa mmoja hautoshi hata kwa salamu." Akacheka, akidhani natania.

Nilistaafu miezi mitatu iliyopita. Mpaka leo naamka saa kumi na mbili, nanawa, navaa shati la kazini, halafu ndipo nakumbuka. Mke wangu ananiangalia, ananiwekea chai. Sikujua kwamba mtu anaweza kutamani hata harufu ya mafuta ya dizeli, lakini naitamani. Basi nitaandika, kwa Neema na ninyi wenzake wa ofisini, ila msitegemee habari za vyeo. Vyeo nilivipata kama watu wanavyopata mvi, kwa kukaa. Nitawaandikia juu ya transfoma moja ya Malangali, juu ya betri za gari, na juu ya Mzee Mhina, ambaye hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumwona.

Niliajiriwa miaka ile ya ruksa. Wenye umri wangu wanaelewa. Maduka ambayo jana yake yalikuwa na chumvi, viberiti na mwenye duka aliyenuna, ghafla yakawa na redio, baiskeli, mitumba na pasi za umeme. Umeme wenyewe mjini ulitoka kwenye mashine zetu za dizeli, na mafuta yalikuja kwa lori kutoka Mbeya kwa kupitia Tunduma, barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Lori likikwama, mji mzima ulijua.

Siku ya kwanza nilifika na cheti cha ufundi ndani ya bahasha na shati jeupe nililonyooshewa na mama. Msimamizi wa mafundi wa laini alikuwa ndiye Mzee Mhina. Nilimkuta amesimama juani saa sita mchana, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu. Alikuwa mtu wa Muheza, huko Tanga, na miaka kumi na moja aliyokaa Ufipa haikutosha kuisamehe baridi yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Kaengesa, mzee. Fabiani naitwa."

"Kaengesa kule misheni? Basi wewe baridi ni ndugu yako. Kwangu mimi hiyo ni mkwe. Tunaheshimiana kwa mbali."

Nilitarajia anipe mkanda wa kupandia nguzo. Alinipa baiskeli. Akaniambia niende Malangali saa kumi na mbili jioni, nizunguke mpaka saa mbili, kesho yake nimweleze nilichokiona. Nilirudi na hesabu safi: nguzo ngapi, ngapi zimeinama, waya upi umelegea. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nguzo hazitumii umeme, bwana mdogo. Umeona nani anawasha nini?"

Sikuwa nimeona. Akanirudisha jioni ile ile.

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kazi, na sijaiona kwa mtu mwingine. Kabla ya kufungua kisanduku cha mita, Mzee Mhina alibisha hodi, akakaa, akanywa chai ya watu, akamuuliza mama mwenye nyumba: unapiga pasi saa ngapi, unafua lini, watoto wanaoga maji ya moto siku gani, nani analala na taa. Wengine walidhani ni mmbea. Kina mama walimpenda, maana hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kuwauliza mambo hayo na kuyaandika. Mimi nilimwona anapoteza muda. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba mita haidanganyi.

"Haidanganyi," alisema nilipomwambia hivyo. "Lakini inajibu ulichoiuliza tu. Muulize mama kwanza, ndipo ujue mita uiulize nini."

Tulikuwa na ammeta ya kubana moja tu, ya mkoa mzima, ndani ya mkoba wa ngozi ulioshonwa na fundi viatu wa sokoni. Unafungua kinywa chake, unaubana waya, mshale unakuonyesha mzigo unaopita. Mzee Mhina aliiweka kwanza ndani ya sweta yake ipate joto, akisema mshale ukipoa unakuwa mvivu. Sikuwahi kuthibitisha kama ni kweli. Lakini hata mimi nimeiweka ammeta kifuani kwa zaidi ya miaka thelathini, na vijana mmenicheka.

Sasa nije kwenye betri. Vijijini hapakuwa na umeme: Pito, Kaengesa kwetu, na kote kwenye mashamba ya mahindi na ulezi. Lakini redio zilikuwepo, na baada ya mavuno mazuri hata televisheni ndogo nyeusi na nyeupe zilianza kuonekana sebuleni kwa watu. Zote zilitumia betri za gari, na betri inapokwisha nguvu lazima ichajiwe mahali penye umeme. Mahali penyewe palikuwa Malangali, kwa Mama Oliva.

Mama Oliva alikuwa mjane, ana watoto wanne. Kaka yake alimletea chaja kutoka Tunduma, kisanduku kizito cha bati chenye mikono myekundu na myeusi ya kubania betri, na hicho kikawa shamba lake. Ukiingia sebuleni kwake uliona picha ya Familia Takatifu ukutani, makochi yenye vitambaa vya kufuma, na chini yake betri zimepangwa, kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki. Dirisha lilikuwa wazi daima kwa sababu ya harufu ya asidi, kwa hiyo watoto walifanyia kazi za shule jikoni penye joto. Aliwaita wageni wake. "Wageni wazuri hawa," alisema, "hawali, hawalali kitandani."

Majirani walipoona watoto wake wanavaa viatu, nao wakatafuta chaja. Baada ya mwaka mmoja karibu kila nyumba ya tatu ya mtaa ule ilikuwa na wageni wa namna hiyo. Taa za Malangali zikaanza kuwa nyekundu jioni. Walalamikaji wakaja ofisini, wakitaka chaja zikatwe. Wenye chaja nao wakaja, wakiuliza kwani wao si wateja. Na palikuwa na maombi ya nyumba nyingine sita zilizotaka kuunganishwa kwenye transfoma ile ile, na zote, kila mtu alijua, zilikuwa na chaja tayari ndani ya boksi.

Mkuu wetu alitaka jibu moja: transfoma inatosha au haitoshi? Ikitosha, ziunganishwe. Isipotosha, kina Mama Oliva wazimiwe. Mzee Mhina akanikabidhi ammeta. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupewa kipimo peke yangu, na nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio.

"Kuna jambo moja," alisema. "Fyuzi za transfoma ile zilikwisha stoo mwaka jana. Unajua pale juu tumeweka nini."

Nilijua. Tulikuwa tumesokota waya wa shaba. Waya ule haukatiki kama fyuzi. Mzigo ukizidi, unauacha upite mpaka transfoma yenyewe iungue. Msije mkafanya hivyo. Sisi tulifanya kwa sababu mji ungekaa gizani tukisubiri fyuzi kutoka Dar es Salaam, na usipoziba ufa utajenga ukuta, ingawa sisi tuliuziba kwa karatasi.

"Kwa hiyo fyuzi ya Malangali ni wewe," akamaliza.

Nilipima Jumanne. Nilikwenda saa kumi na mbili na nusu jioni, nikapanda, nikabana waya wa kwanza, wa pili na wa tatu, nikakaa juu ya ngazi mpaka saa mbili nikisoma mshale kila robo saa. Transfoma ilikuwa inabeba zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wake. Niliposhuka, Mama Oliva alikuwa amesimama mlangoni na khanga mabegani.

"Fabiani mwanangu, unapima nini leo?"

"Umeme wako, mama."

"Leo? Leo mbona nina betri mbili tu. Watu wote wako shambani. Njoo Jumamosi."

Nikamjibu kwa majivuno ambayo mpaka leo yananiwasha usoni. "Mama, mita haijui Jumanne wala Jumamosi."

Mnaniona? Mtoto wa Kaengesa, niliyezaliwa na kukulia kule kule. Watu wetu wanakuja mjini Jumamosi, na maharage na kuku nyuma ya baiskeli. Wanaacha betri kwa Mama Oliva, wanalala kwa ndugu, Jumapili wanasali, wanachukua betri na kurudi. Hata Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake ng'ambo ya Pito, alileta betri za wenzake Jumamosi, sita kwa mkupuo, juu ya mkokoteni wa maziwa. Na betri ya baba yangu mzazi ilikuja kila Jumamosi kwa baiskeli ya binamu, nikaipokea mwenyewe stendi, nikaipeleka kwa Mama Oliva mwenyewe, nikaliandika jina la baba kwa chaki kwa mkono wangu. Kama mtoto nilijua yote hayo. Kama fundi nilikuwa nimeyaacha nyumbani, nikaenda kazini na cheti.

Kesho yake nilimpelekea Mzee Mhina fomu. Aliisoma, akavua miwani.

"Umemuuliza Mama Oliva?"

"Ndiyo, mzee."

Nilikuwa nimeongea naye, kweli. Sikuwa nimemsikiliza. Mzee alichukua kalamu, akatia sahihi kwenye nafasi ya msimamizi, ambayo ndiyo ilikuwa nafasi pekee ya sahihi kwenye fomu zile, na nyumba sita zikaunganishwa.

Ilikuwa Jumamosi moja baada ya mavuno, baridi ile ya Ufipa inayopenya mpaka kwenye meno. Siku iliyofuata watoto wa parokia walikuwa wanapata komunyo ya kwanza. Mahindi yalikuwa yameuzwa, watu wana redio mpya, na ndugu kutoka vijijini walikuwa wamekuja kwa ajili ya sherehe, kila mmoja na betri yake, kwa kuwa ya nini kuja mjini mikono mitupu? Ndani ya nyumba, kina mama walikuwa wananyoosha magauni meupe. Kila nyumba ya mtaa ule, pasi. Watoto waogeshwe, hita za maji ndani ya ndoo. Na chini ya makochi, wageni wa Mama Oliva, na wa majirani, na wa zile nyumba sita.

Nilikuwa nimeinama sebuleni kwake, naiunganisha betri ya baba. Taa ikawa nyekundu kama kaa, ikabaki hivyo kwa muda. Oliva mwenyewe, binti mkubwa, alikuwa anapiga pasi gauni la mdogo wake, akasema, "Mama, pasi haishiki." Nikatoka nje. Transfoma ilikuwa inanguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti nzito ya tumboni. Nilijua palepale. Nilikimbilia nguzo nikiwa sina hata ngazi. Ikapiga mara moja, moshi ukatoka, mafuta yakaanza kuchuruzika kwenye nguzo, na Malangali yote ikazimika. Halafu nikasikia kina mama wanalaumiana nyumba kwa nyumba kuhusu magauni.

Mzee Mhina alifika kwa baiskeli. Aliimulika transfoma kwa tochi, akanimulika na mimi. Alimwendea Mama Oliva, akamuuliza, "Ulikuwa na wangapi leo?"

"Kumi na tisa," alisema Mama Oliva. "Kama Jumamosi zote. Ah, zaidi kidogo."

Watoto walipata komunyo na magauni yaliyonyooshwa kwa pasi za mkaa zilizoazimwa mitaa ya jirani. Walipendeza. Malangali ilikaa gizani tangu kiangazi kile mpaka mvua zikaanza, kwa sababu transfoma nyingine haikuwepo.

Mkaguzi alikuja kutoka makao ya kanda, kwa Landrova, na faili. Tulikaa watatu ofisini kwa mkuu: mkaguzi mezani, Mzee Mhina mbele yake, mimi kwenye benchi karibu na mlango. Mwaka ule kila shirika lilikuwa na orodha ya watu wa kupunguzwa kazi, na kila mtu aliogopa kuikaribia hiyo orodha kama mtu anavyokwepa nyoka. Mkaguzi alisoma fomu ya Jumanne.

"Hiki kipimo nani alikipima?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Naapa nilikuwa nalo. Nilifungua kinywa, na Mzee Mhina, bila kugeuka, akasema:

"Nilikipima mimi."

"Wewe? Na uzoefu wote huu? Siku ya kazi, mtaa wa namna hii?"

"Mimi. Nilizembea."

Nikafunga kinywa. Hayo ndiyo yote niliyofanya katika kikao kile. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na mshindo wa kimya changu naujua peke yangu.

Nje nilimfuata mpaka kwenye baiskeli. Nilitaka kulia. Nilimwambia narudi ndani kusema. Alinishika mkono.

"Ukisema sasa watatutoa sote wawili, mimi kwa kudanganya na wewe kwa kuunguza. Mimi nimebakiza miaka mitatu, wewe umebakiza zaidi ya thelathini. Hesabu hiyo hata wewe unaiweza."

"Lakini mzee, si wewe."

"Sahihi ni ya nani?"

Jina lake likaingia kwenye orodha. Niliibeba mizigo yake mpaka stendi alfajiri aliyoondoka, sanduku la bati na gunia la maharage aliyotaka kuwaonjesha watu wa Muheza, maana alisema ya kwao hayaivi hata uyasomee dua. Alipanda basi na sweta zote mbili. Alinipungia mkono dirishani, nikampungia, basi likaondoka. Nilirudi ofisini nikakuta ammeta mezani kwangu. Nimewahi kufiwa na baba na mama, na ninasema bila aibu kwamba siku ile ilikuwa sawa na hizo.

Transfoma mpya ilipofika, nilikwenda kwa Mama Oliva kabla sijagusa mita. Nilikaa, nikanywa chai. Nilikuwa na mpango wangu: kila upande uwe na siku yake ya kuleta betri, Pito Jumatatu, Kaengesa Jumatano, na kuendelea. Alinisikiliza kwa huruma.

"Nani aache palizi Jumatatu kwa ajili ya betri? Mwanangu, watu hutawahamisha. Watakuja Jumamosi mpaka Yesu arudi."

"Sasa tufanyeje, mama?"

"Kwani betri ina haraka gani? Gauni la kanisani ndilo lenye haraka. Betri inatakiwa asubuhi baada ya misa. Waache wapige pasi, waogeshe watoto, wapike. Wakimaliza, sisi ndio tuwashe, zichajiwe watu wamelala."

Hivyo tu. Aliwazungukia wenye chaja wenzake, mlango kwa mlango, na kuwaeleza kwa Kifipa mambo ambayo mimi nisingeweza kuyaeleza kwa lugha yoyote. Mmoja alikataa, kina mama wenzake wakamshughulikia wenyewe, sikuuliza vipi. Nilipima Jumamosi nne mfululizo. Chaja zilikuwa nyingi kuliko mwanzo, na mshale wa jioni ulikuwa chini kuliko siku ile transfoma ilipoungua. Mnachokiita leo kuhamisha mzigo, na mnakwenda semina kukisomea, mimi nilifundishwa na mjane wa Malangali, chini ya picha ya Familia Takatifu.

Kwa hiyo kuhusu pikipiki zenu jibu langu ni hili. Kijana wa bodaboda anarudi nyumbani mama yake anapopika, na anaichomeka saa hiyo hiyo kwa sababu ndipo amefika, siyo kwa sababu ndipo anaihitaji. Anaihitaji alfajiri. Kati ya hapo kuna usiku mzima ambao transfoma imekaa bure. Kama watakubali kusubiri, mtaa mmoja utabeba pikipiki nyingi kuliko mnavyodhani. Kama hawatakubali, hata chache zitawazimia taa. Na msipime siku yoyote tu. Ulizeni siku gani wanalala na pikipiki zote nyumbani, ulizeni kama wana msimu, ulizeni kina mama. Mnajua kwamba ofisi yetu inapima mitaa ya mjini Jumamosi. Mmekuwa mkinung'unika, mnadhani ni ukorofi wangu. Sasa mnajua ilitoka wapi.

Lakini hamjui yote, na hapa ndipo ukurasa wa Neema uliponishinda.

Mzee Mhina aliniandikia barua mbili kutoka Muheza. Ya kwanza ilihusu maharage. Nilimjibu kuhusu mvua. Ya pili aliniuliza Malangali inaendeleaje. Nilimwandikia kurasa tatu juu ya Mama Oliva na kuchaji usiku, kwa furaha, na sikuandika hata mstari mmoja juu ya kile kikao. Nilijiambia nitasema nikithibitishwa kazini. Nikathibitishwa. Nikajiambia nitasema wale wakuu wakiondoka. Wakaondoka. Halafu nikawa mimi ndiye msimamizi, kisha mkuu wa kitengo, na msimamizi hawezi kuamka siku moja akawaambia vijana wake kwamba kiti chake kilianza na uongo wa mtu mwingine. Habari za kifo chake zilinifikia kupitia fundi aliyehamia Tanga. Sikwenda kuzika. Nilisema ni mbali.

Natamani hata nisingekuwa na kazi, lakini ningekuwa nimesema palepale kwenye benchi. Ningelima ulezi Kaengesa kama kaka zangu, na ningekuwa na Mzee Mhina wa kumtembelea. Namtamani yule mzee kuliko ujana wangu wenyewe. Ninapopita chini ya transfoma yoyote jioni bado nasimama kuisikiliza, na bado najikuta nageuka kumwambia.

Wiki iliyopita yule fundi wa Tanga alinitafutia namba ya mjane wake, Mama Hilda. Sijawahi kukutana naye. Miaka yote ya Sumbawanga yeye alibaki Muheza na watoto. Nilipiga saa nne asubuhi, nikajitambulisha, nikamsalimia, tukaulizana hali. Halafu nikamwambia. Nilimweleza Jumanne, na fomu, na benchi, na kwamba aliyepima ni mimi.

Nilisikia anavuta kiti, akakaa.

"Baba Hilda alituambia ni yeye," alisema. "Alituambia alizembea, basi wakamtoa. Tulimwamini. Hilda alikuwa kidato cha tatu mwaka ule, akatoka shule, ada ikawa haipatikani. Alimwona baba yake ni mzembe. Hajawahi kumsamehe, mpaka tunamzika hakulia."

Nilisema nasamehewa na nani sasa, au maneno ya namna hiyo, sikumbuki vizuri. Yeye akaniuliza jambo jingine.

"Bado uko kazini?"

"Hapana, mama. Nimestaafu. Miezi mitatu sasa."

"Aa. Na mafao yako wamekupa?"

"Wamenipa."

"Kumbe ulikuwa unangoja umalize kwanza."

Nilitaka kukana.

"Ndiyo, mama," nilisema. "Nilingoja."

"Basi mimi usinieleze. Aliyekosewa wa kwanza yuko kaburini, wa pili yuko hapa Muheza anauza nguo sokoni. Njoo umwambie Hilda kwa mdomo wako."

Nimekata tiketi ya Alhamisi.